Isale la Maigizo

Harufu ya vumbi linaloungua ndani ya kompyuta kuukuu, ile inayofanana na ya kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi, hunirudisha kidato cha pili kila mara. Juzi fundi alikuwa anafungua mashine yangu ya kazini, nikavuta pumzi moja tu, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Fundi akaniuliza, "Vipi, mama?" Nikamwambia hakuna kitu. Ningemwelezaje kwamba nimemkumbuka Twaha akiwa amevaa koti la babu yangu?

Ninyi nitawaeleza, maana hamnijui na hamtanicheka usoni.

Tulikuwa marafiki watatu, tukisoma shule ya kutwa pale Moshi mjini. Mimi nilikuwa nakaa Rau na wazazi wangu, na nilijipa cheo cha mwongozaji kwa sababu hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuninyima. Prosper alikuwa mchambuzi wetu wa filamu, mtoto mwembamba wa miwani aliyeweza kukusimulia filamu ya saa moja na nusu kwa saa tatu. Twaha wa Pasua ndiye aliyekuwa mchekeshaji. Aliweza kumwigiza mwalimu wa hisabati anavyopiga chafya, na siku moja mwalimu mwenyewe akamfuma, akasimama mlangoni akacheka mpaka mwisho, ndipo akamchapa.

Mjomba wake Prosper alikuwa amemletea kamera ndogo kutoka safari. Kaka yake Twaha alisimamia chumba cha intaneti karibu na stendi. Kamera ipo, intaneti ipo, na midomo tulikuwa nayo tangu tumboni mwa mama zetu. Tukaanzisha chaneli mtandaoni, wakati ambao wenzetu wengi hawakuwa na hata anwani ya barua pepe. Nusu ya kwanza ilikuwa uchambuzi wa filamu, nusu ya pili vichekesho.

Filamu zenyewe tulizitazama kwenye banda la video kule Pasua, tumebanana kwenye mabenchi, jasho la watu na harufu ya karanga za kukaanga vikitupanda puani. Tatizo ni kwamba umeme ulikuwa unakatika kabla ya mwisho, karibu kila mara. Prosper hakujali. Alimalizia filamu kichwani mwake, kisha akauchambua huo mwisho wake kwa sauti nzito, miwani imeshuka puani. Sidhani kama kulikuwa na chaneli nyingine duniani iliyochambua mambo ambayo hayakutokea.

Kupandisha video ya dakika nne kulichukua Jumamosi nzima. Tulikaa watatu kwenye viti viwili, tukikodolea macho ule mstari wa kijani unavyotambaa kwenye kioo, hakuna anayethubutu kugusa meza. Ukifika robo tatu, pu! Umeme umeenda. Tulikuwa tunatoka pale kimya kama watu waliotoka kuzika. Na hata zilipopanda, watazamaji walikuwa sisi wenyewe, pamoja na mtu mmoja aliyetuandikia maneno ya lugha tusiyoijua. Prosper alisema ni pongezi.

Siku moja Twaha akachoka. "Feli, sisi tunajidanganya. Nani ataacha filamu yenyewe aje kumsikiliza Prosper? Watu wanataka mambo ya nyumbani."

Hapo ndipo nikawatoa kafara wazee wangu.

Babu yangu, Mzee Ndekirwa, alikuwa na kihamba chake, shamba la urithi, huko juu mlimani, kahawa chini ya migomba, na kilipakana na kihamba cha Mzee Ludoviki. Walibatizwa siku moja, walioa mwaka mmoja. Kisha wakagombana juu ya zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wetu unaoshuka kutoka msituni. Kila mmoja alidai mwenzake alifunga maji usiku ili ayaelekeze kwake. Miaka tisa hawakusalimiana. Kanisani, padre akisema tutakiane amani, Babu alikuwa anageuka kulia na kuupa mkono ukuta. Nimeyaona kwa macho yangu. Babu alikuwa amesema mbele ya ukoo mzima kwamba hatakwenda kwa Ludoviki kuomba radhi hata siku moja.

Nikawaambia wenzangu tufanye kichekesho cha mzee mwenye kiburi anayekwenda kuomba msamaha kwa jirani, akifika getini anaogopa, anakimbia. Anarudi, anakimbia tena. Mkononi ameshika isale.

"Isale ni nini?" akauliza Twaha.

Nikamwambia ni lile jani refu la mmea wa mpakani, Wachagga wanalitumia kuomba radhi. Sikuendelea zaidi. Na hilo, jamani, ndilo kosa langu. Sikumwambia kwamba isale hupelekwa na mtu mwingine kwa niaba yako. Sikumwambia kwamba anayeletewa hawezi kulikataa, hata kama ulimchomea nyumba. Nilidhani haimhusu, yeye ni mwigizaji tu.

Likizo ilipofika wakaja wote wawili kwa Babu. Alhamisi, Babu akiwa amekwenda sokoni, tulichukua koti lake la kazi msumarini na kofia yake, nikakata isale mpakani, nikalipiga fundo kama nilivyowaona watu wazima wakifanya. Halafu nikaharibu kabisa. Nilisema geti letu la miti halipendezi, tukapigie picha kwenye geti la chuma la Mzee Ludoviki, lile la bluu. Nilijua Alhamisi huwa hayupo. Nilijua vibaya.

Prosper akajificha nyuma ya mgomba na kamera. Mimi nikachutama nyuma yake. Twaha akapita njiani, mgongo umepinda, anakohoa kikohozi cha Babu chenyewe, anaongea peke yake. Alifika getini, akatimua mbio, kofia ikadondoka. Nilijiziba mdomo kwa kiganja. Akaja tena, akakimbia tena. Mara ya tatu aliinua mkono kama anayetaka kubisha hodi, geti likafunguka.

Mzee Ludoviki alisimama pale na shati lake la ndani. Alimtazama Twaha, akalitazama isale.

"Ni Ndekirwa aliyekutuma?"

Twaha wala hakutetereka. Alimwamkia shikamoo kwa adabu zote za kwao, akasema, "Naam, mzee."

Mzee Ludoviki alilipokea lile jani kwa mikono miwili. Aliinama, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akasema kwa sauti ya kukwama, "Aika, asante, mwanangu. Mwambie nimelipokea. Jumapili baada ya misa nitakuja kwake." Akafunga geti.

Twaha alirudi anarukaruka kwa furaha. "Feli, wewe ni noma! Huyu mzee umemtoa wapi? Anaigiza kuliko sisi wote!"

"Sijamtoa popote! Hapo ni kwake!"

"Si umempanga?"

"Nimpange vipi, Twaha? Ndiye mwenyewe!"

Nikamweleza sasa maana yote ya isale, nikaona rangi inamtoka usoni. Akalivua koti la Babu kama lina siafu. Prosper alikuwa bado anapiga picha.

Mimi usiseme. Nilijua kitakachotokea. Mzee Ludoviki atakuja na watu wake kukubali msamaha ambao Babu hakuuomba, Babu atamkana mbele ya wote, na Ludoviki ataaibika kwa kulia mbele ya mtoto kwa ajili ya jani la maigizo. Ugomvi wa maji ungekuwa ugomvi wa ukoo, tungeurithi mpaka wajukuu. Na Babu, aliyenipenda kuliko wajukuu wote, angejua ni mimi niliyekwenda kumpigisha magoti kwa siri. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa inaishia Jumapili.

Nilijaribu kumwambia. Alhamisi jioni nilimfuata anakokata majani ya ng'ombe, nikasema, "Babu..." akasema, "Shika hapa," nikashika, ujasiri ukaisha. Ijumaa nilishindwa kula, Bibi akaninywesha dawa yake ya majani, chungu kama ubaya wenyewe, akanisimamia mpaka nikamaliza. Twaha na Prosper waliponiona nakunywa wakajitahidi kula hata wasichokitaka.

Jumamosi nikajikaza. Babu alikuwa amekaa barazani analinyoosha lile koti lake, anatoa kitu kwenye mfuko.

"Babu, hivi mtu akipokea isale ambalo mwenzake hakulituma, inakuwaje?"

Alinitazama. "Nani kakuuliza?"

"Ni... ni swali la shule."

"Siku hizi mnasomeshwa hayo?" Kisha akasema, "Isale ni isale," akalirudisha koti msumarini. Mimi nikaona ameshindwa swali, nikaenda zangu kulia migombani.

Jumapili tuliporudi kanisani Babu hakuvua koti lake jema. Alimwambia Bibi aongeze ndizi kwenye chungu cha machalari, na nyama pia. Nikajiambia ana njaa. Kumbe nilikuwa na akili ya kuku.

Walikuja kama alivyoahidi. Mzee Ludoviki mbele, nyuma wanawe wawili na chungu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, harufu ya ule uchachu mtamu ikitangulia kuingia uani. Wakasimama. Mzee Ludoviki alitoa isale kwenye koti, limeanza kunyauka, akalinyanyua.

Babu alilitazama. Kisha akanitazama mimi. Mimi nikamtazama jogoo.

"Ludoviki," Babu akasema, "umechelewa. Chakula kinapoa."

Watu wakacheka kwa sauti kubwa kuliko kichekesho chenyewe, kama watu waliotuliwa mzigo. Mzee Ludoviki alionja mbege kwanza, akampa Babu kata ileile. Babu akanywa, akafuta mdomo, akasema yaliyopita si ndwele. Wakakumbatiana wale wazee wawili katikati ya uwanja, mmoja kofia imempinda, na wote wawili machozi yakawatoka. Nyuma ya tangi la maji, Prosper na kamera yake. Yule hakuwahi kuzima kitu maishani mwake.

Jumamosi iliyofuata tukawa chumba cha intaneti. Twaha alikuwa hashikiki. "Feli, hii ndiyo itatutoa! Geti, isale, kukumbatiana, ina kila kitu!" Ilikuwa kweli. Nimetazama filamu nyingi tangu siku hiyo, na sijaona iliyonishika kama ile. Lakini binti wa Mzee Ludoviki alikuwa anafanya kazi ofisini Dar, mwenye kompyuta mezani. Angeiona, angemwambia baba yake kwamba alichezewa, na amani ile ingekufa. Nikasema haipandi. Tuligombana mpaka kaka yake Twaha akatishia kututoa nje. Mwisho nikampokonya Prosper kamera, nikafuta zote mbili, ya getini na ya Jumapili. Twaha hakuniongelesha muhula mzima. Chaneli ikafa palepale, na mimi nikajiona shujaa niliyeokoa ukoo, bila kumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye Babu alifariki. Kwenye matanga, Mzee Ludoviki, anatembelea fimbo sasa, aliniita nikae karibu naye.

"Ile sinema yenu ya getini," akasema, "iko wapi?"

"Babu Ludoviki... ulijua?"

"Nisijue nini? Kuna mtoto wa miwani nyuma ya mgomba wangu, na taa nyekundu inawaka. Mwingine amevaa koti la Ndekirwa na ameshakimbia mara mbili. Nilikuwa natazama dirishani tangu mwanzo, nacheka mpaka mke wangu akaja kuuliza kama naumwa."

"Sasa mbona ulilipokea?"

"Isale halirudishwi, mjukuu wangu. Hata lingeletwa na mbuzi mdomoni ningelipokea. Miaka tisa namsubiri huyo mbuzi."

Nikamuuliza kama Babu naye alijua. Alinicheka waziwazi. Babu alikuwa amekuta shina la isale limekatwa upya mpakani, na ndani ya mfuko wa koti lake karatasi ya maneno ya kuigiza, mwandiko wangu, jina lake limeandikwa juu. Walielezana siku ileile ya Jumapili, kabla chungu hakijaisha, na wakakubaliana wasituambie. Kila Jumapili baada ya hapo walikuwa wanaigiziana, huyu anakuwa Twaha, huyu anakuwa geti.

"Nionyeshe sasa, na ile ya Jumapili, maana kamera nyuma ya tangi niliiona pia," akasema. "Nataka nimwone Ndekirwa mara moja tena anavyonigombeza kwa chakula chake kinachopoa."

Ikabidi nimwambie kwamba nilizifuta zote mbili. Nilizifuta kwa ajili yake, ili asijue. Akanipapasa mkono, akasema, "Basi, mama. Basi."

Nilikuwa nimejikaza siku zote tatu za msiba, kaburini sikutoa chozi, watu wakanisifu. Pale nililia kama mtoto mdogo. Nililia kwa sababu Babu alikuwa mle ndani ya video ya Jumapili, mzima, kofia imepinda, anamkumbatia rafiki yake, nami nilimfuta kwa mkono wangu kulinda siri ambayo wao wenyewe walikuwa wanaicheka kila Jumapili.