Ukucha wa Rosalia

Mwaka 1974, kule Ubungo, mke wangu Rosalia alikuwa akichanganya udongo na saruji. Mchanganyiko huo ndio uliojenga ukuta wa kuzuia shimo la msingi lisiporomoke. Kila asubuhi aliukwaruza ukuta huo kwa ukucha kuona kama umekauka. Siku hiyo ukucha ulizama.

"Ndugu Nikodemu, ukuta haujashika. Watu wasiteremke."

Nikodemu, msimamizi wa kazi, akacheka. "Mama, ukucha wako umesomea wapi uhandisi? Tunajenga taifa. Teremkeni!"

Wanaume wakateremka. Rosalia akawafuata, akiwapigia kelele watoke. Walitoka wote. Ukuta ukamfunika yeye.

Msibani Nikodemu akanishika mkono. "Pole, ndugu. Ni kazi ya Mungu."

Mie nikamfukuza mbele za watu. Aliyesema teremkeni hakuwa Mungu.