Kanga Mwenye Kitambaa Mguuni

Nichekeni tu, nilijitakia. Miaka ile ya sabini nilikuwa mwalimu Kasulu, na walimu wenzangu wa kiume walikuwa hawataki mwanamke kwenye mawindo yao ya Jumapili. Nikawasumbua mpaka wakachoka. Kumbe balaa! Karibu na Heru Juu nikamwangusha kanga mnene kwa gobore la kuazima.

"Mbona ana kitambaa mguuni?" mmoja akauliza.

"Alinasa kwenye mtego akaponyoka," nikamjibu, mwindaji wa siku moja.

Nikapita naye kijijini nikimning'iniza, nikipokea pongezi kama bibi harusi. Mama mmoja akatufuata mpaka tulipopumzika.

"Hongera, mwalimu," akasema taratibu.

Nikainua macho nimshukuru. Kitenge alichojifunga kilikuwa na maua yale yale ya kitambaa cha mguuni, na kona yake moja ilikuwa imechanwa.