Nilimwachisha dada yangu sindano ya moyo kwa sababu nilisoma seli chuoni

Niaje wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, si ya rafiki ya rafiki, na sijaipamba. Mkitaka kunirushia mawe, ngojeni nimalize.

Ninaishi Mowlem, Eastlands ya Nairobi, na mama na dada yangu mdogo, Mwende. Akiwa darasa la saba aliugua koo, likapona lenyewe. Wiki chache baadaye magoti yakafura, na kliniki wakasema moyo umeguswa: vali moja, mlango wa damu ndani ya moyo, inavuja kidogo. Tangu hapo anadungwa penisilini kila baada ya wiki nne.

Sindano yenyewe inauma. Siku hiyo huchechemea hadi jioni.

Mimi nilisoma baiokemia. Na siachi kitu kipite bila kuuliza, hata pasta wetu amenichoka.

Mwaka jana nikaketi nikausoma ugonjwa wake. Kumbe si bakteria wanaokula moyo. Seli za kinga zina vipokezi, vya kumtambua adui kwa umbo lake. Bakteria wa koo wana umbo linalofanana na kitu kilicho kwenye vali. Seli zikishamjua adui, zinaushambulia na moyo, uvimbe unaanza.

Nikaona nimeshika jambo.

"Mwende, penisilini inaua bakteria. Wewe huna bakteria, una seli zilizochanganyikiwa. Unadungwa ya nini?"

"Uko sure, profesa?"

"Niko sure."

Nani atakataa kuondolewa maumivu na kaka aliyesoma? Akaruka miezi mitatu. Mama tulimdanganya kuwa bado anaenda kudungwa.

Mwezi wa nne koo likamuuma siku tatu, likaisha. Sikulitilia maanani. Wiki kadhaa baadaye tukipanda ngazi za nyumbani, tunakaa orofa ya tatu, alisimama ya pili ameshika ukuta.

"Hewa haitoshi," akasema. Alisema polepole, kama anayeomba msamaha.

Kule kliniki, nesi alinisikiliza nikijieleza hadi mwisho. Hakunigombeza. Aliuliza kama nimewahi kuona mtu akipigwa kwa kuitiwa mwizi. Eastlands hii, nani hajaona?

"Sasa soja anayelinda geti lenu ameibiwa na mtu wa koti jekundu. Kesho mpangaji anapita na koti jekundu, anapigwa. Baadaye soja anatulia. Yule mwizi akirudi?"

"Soja anakumbuka koti. Mpangaji anapigwa tena."

"Sindano haimtibu soja. Inamzuia mwizi asirudi. Soja umemsoma vizuri, kijana. Geti hukuliangalia."

Vali sasa inavuja zaidi. Daktari ametaja upasuaji, si leo, lakini hilo ni neno ambalo halikuwa nyumbani kwetu.

Mama nilimwambia mwenyewe. Alikuwa anachambua ndengu. Aliendelea kuchambua hadi zikaisha.

Wakuu, sijaacha kuuliza. Shida yangu ni kwamba niliacha kuuliza pale nilipopata jibu lililonipendeza. Swali moja kwa nesi, dakika mbili, lingetosha.

Siku hizi ninampeleka Mwende kudungwa. Juzi kwenye foleni alinipa mkoba wake. "Profesa, leo usifikirie. Shika hii tu."

Wenye watu wanaodungwa hii sindano, mnafanya nini ipunguze kuuma? Andikeni hapa chini. Majibu atasoma mwenyewe. Amenikataza kumfafanulia.