Mpango wa Katibu

Mjukuu wangu anatengeneza programu za kompyuta. Juzi alinilalamikia kwamba kikundi chao hakigusi kazi kabla ya kikao cha kila asubuhi na ubao uliojaa vikaratasi, kama kitabu chao cha utaratibu kinavyotaka. Akaniuliza kama mambo hayo yana maana. Nilicheka mpaka nikakohoa, maana kitabu cha namna hiyo niliwahi kukibeba mimi.

Enzi za Ujamaa nilikuwa katibu wa kijiji kimoja karibu na Ulemo, nimetoka kozi ya wiki sita, kichwa kimenivimba. Mvua zilinyesha vizuri, uwele wa shamba la kijiji ukastawi, na magugu nayo hayakubaki nyuma. Tusingepalilia wiki ile, mwaka huo tungekula magugu. Nikagawa watu makundi manne, nikachora jedwali, nikapuliza filimbi. Asubuhi kikao, jioni taarifa. Kufikia Jumatano nilikuwa na taarifa kumi na mbili, na kipande kilichopaliliwa ambacho ng'ombe mmoja angelala akakijaza. Nikawafokea watu, nikawaita wavivu.

"Baba," akasema mama mkwe wangu mbele ya wote, "hiyo filimbi hebu ipumzishe."

Mkwe habishiwi. Nikaitia mfukoni, moyo unachemka.

Akatupanga mstari mmoja, kila mlegevu kati ya hodari wawili, akaanzisha wimbo. Majembe yalishuka pamoja na wimbo, na aliyechelewa aliimbwa humo humo. Utaratibu wake ulikuwa mkali kuliko wangu, ila haukuwa na karatasi. Mimi niliwekwa kati ya bibi wawili, na bado wakaniacha nyuma. Shamba zima likaimba: "Mkwe wangu ee, anapalilia kwa kalamu!"

Ijumaa palizi ikaisha. Wakubwa wa wilaya kule Kiomboi walitaka taarifa, nami bila haya nikaandika kwamba mafanikio yametokana na mpango wa katibu.

Nilisahau jambo moja. Mama mkwe alikuwa mwanafunzi wangu wa kisomo cha watu wazima. Kwenye mkutano wa kijiji, kabla taarifa haijatumwa, akaiomba ile karatasi ajipime kusoma, kidole kikatembea taratibu: "M-pa-ngo wa ka-ti-bu." Akanyanyua macho.

"Umenifundisha vizuri, baba. Na wewe ulikuwa wapi kwenye mstari?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. "Kati ya bibi wawili, mama."

"Basi liandike na hilo, nipate la kusoma."

Nikaandika. Akalisoma lote, silabi kwa silabi, na kijiji kizima kikamsubiri.