Kipande cha Kwanza cha Keki

Mdogo wangu amejenga maisha yake juu ya katiba za majimbo ya Marekani. Kila jimbo, aliwahi kunieleza jikoni kwangu Alby, kitongoji cha Stockholm, lina katiba yake na mahakama yake ya juu, chini ya ile katiba kubwa ya nchi. Kazi yake ni kuchunguza majaji wa majimbo huamua vipi katiba hizo zinapovutana. Nilielewa. Na nilimwonea wivu, maana mimi niliachia shule darasa la saba, wazazi wetu walipofariki, ili yeye asiache. Lakini wivu ulioninyima raha hasa ulikuwa wa profesa wake, bibi wa Kiswidi aliyemsimamia tangu alipokuja kusoma. Mazungumzo yote yaliishia kwa bibi huyo: kasema hivi, kasoma sura ile, kanialika kwake Krismasi.

Mdogo wangu alipopewa uprofesa, chuo kilimwandalia sherehe ndogo, na sisi Wakenya tukaleta keki. Kwetu anayesherehekewa huikata, kisha humlisha mzazi wake kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzazi wake ni mimi. Nilivaa kitenge kipya, nikakaa mbele.

"Kwanza, mama yangu wa hapa," akasema, kipande mkononi.

Nilikuwa nimeshanyanyuka. Akanipita, akamlisha bibi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Rafiki yangu wa Tumba, kitongoji jirani, akaninong'oneza, "Shosho, huyo bibi, amekupiku, dada."

Kisha akanijia na kipande cha pili.

"Fungua mdomo, dada."

"Nimeshiba."

"Dada, yule ni mgeni. Mgeni hutangulizwa."

"Mgeni, hapa Stockholm kwao? Hiyo umeitoa katiba gani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka; mkono wake ulibaki umenyooka, krimu ikimtiririkia vidoleni. Nikamnyang'anya kile kipande, nikamshika kidevu, nikamlisha mimi, kama nilivyomlisha uji baada ya matanga alipokataa kula. Akatafuna, machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo vigelegele vilipopanda.

Bibi alipiga makofi kuliko wote. Akaja akanikumbatia, akaniambia kwa Kiswidi kwamba kwa miaka mingi alitamani kuniona. Nilimshukuru, na nilimaanisha. Lakini mkono wake mmoja ulikuwa bado begani kwa mdogo wangu, na mimi nilisimama palepale, nikingoja autoe.