Glasi Isiyoonjwa

Kwa watu wa Newala, mwenye pombe huonja kwanza. Anamimina, anapiga funda moja mbele ya mgeni, ndipo anamkabidhi, ili mgeni ajue hakuna kitu ndani. Severina alikuwa bingwa wa uraka. Pombe yake ya mabibo ilisifiwa hadi Nanganga. Miaka yote hakuacha kuonja, ila mara moja tu.

Mara hiyo moja ilikuwa ya mumewe. Dastani, fundi seremala, alikuwa amempa jirani kitanda alichomtengenezea mtoto wao, na Severina alikasirika kupita kiasi. Akambwagia kikombe cha uraka bila kuonja, makusudi, aone jinsi alivyochukia. Dastani alimtazama, akatabasamu kidogo, akanywa yote. Kisha akatoka kumsindikiza kaka yake Cyril stendi, na huko njiani akaanguka, akafa. Daktari alisema moyo. Watu wakasema yao, kwani walimwengu wana dogo? Cyril, aliyekuwa amekaa palepale kikombe kilipotolewa, hakusema neno, ila tangu hapo hakunywa hata maji nyumbani kwa shemeji yake.

Miaka ishirini na miwili. Severina aliacha kutengeneza uraka. Kila alipomkaribisha mtu kikombe, aliyaona yale macho ya Dastani yakimtazama.

Chini ya kitanda ilibaki chupa. Nuria, Mhispania aliyekuja kuchimba kisima, alikuwa ametengenezewa milango na Dastani, naye akamzawadia divai nyekundu ya kwao. "Ilaze ubavu, mbali na jua," alimwambia. "Usiwe na haraka nayo." Dastani akaapa itafunguliwa siku Anjelina, binti yao mchanga, atakapoposwa. Severina aliifukia kwenye ndoo ya mchanga, na kila masika aliipapasa kuona kama ipo.

Siku ikafika. Alasiri wageni wa posa waliaga, Anjelina akawasindikiza, na Cyril, aliyeipokea posa kwa niaba ya mdogo wake, akabaki mezani. Severina alichomeka skurubu kwenye kizibo, akakivuta kwa koleo la marehemu. Kizibo kikamomonyoka, akachuja divai kwa chujio la chai. Haikuwa nyekundu kama alivyotarajia, ilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma. Akainusa. Ilinukia mbao ya mninga iliyotoka kurandwa, na tumbaku kavu kwa mbali. Ilikuwa harufu ya shati la Dastani akitoka kazini. Severina aligeuka mlangoni, kweli kabisa, akitegemea kumwona.

Akapiga funda. Kwanza ilimkausha ulimi kama bibo bichi. Kisha ikalegea, ukaja utamu mzito wa mabibo yaliyoanikwa, nao ukakaa kooni bila kuondoka. Akamsogezea Cyril glasi.

"Karibu, Baba Eric."

Cyril hakuigusa. "Leo umeonja, Mama Anjelina."

Kumbe siku ile aliona. Severina alikaa chini.

"Siku ile sikuonja, shemeji. Sikuweka kitu. Nilikuwa na hasira tu."

"Najua. Aliniambia njiani, huku anacheka. 'Mke wangu leo hakunionjea. Nimekunywa hivyohivyo, ajue kwamba namwamini.'"

"Na wewe ukakaa na maneno hayo miaka yote hii?"

"Nilimzika mdogo wangu. Nilitaka mtu wa kumlaumu." Cyril akainua glasi, akanywa, akafumba macho. Machozi yakamtoka. "Nisamehe."

Msamaha Severina hakuwa nao siku hiyo, wala hakujidai kuwa nao. Alichukua glasi nyingine, akamimina divai iliyobaki pamoja na mashapo yake, akapiga funda moja huku akikitazama kiti kitupu kando ya mlango. Kisha akaiweka glasi mbele ya kiti kile, taratibu, kwa mikono miwili.

"Nimekuonjea, Baba Anjelina," alisema. "Kunywa."