Senti Zilizosuguliwa kwa Jivu

Jumamosi sokoni Jericho nilimkuta mama mzee ametandika leso chini, amepanga senti za kikoloni, zile zenye tundu katikati. Zilimetameta kama sufuria mpya. Kijana anayenunua sarafu za kale akachuchumaa, akaokota moja, akaigeuza, akashusha pumzi.

"Shosho, umezisugua?"

"Kwa jivu na ndimu. Ningekuletea vitu vichafu?"

"Wanaozikusanya wanataka ule weusi wake, shosho. Ndio unaoonyesha uzee. Hizi sasa siwezi kuchukua. Pole sana."

"Yaani uchafu ndio ulikuwa mali?"

Kijana akaitikia kwa kichwa, macho kwenye viatu vyake.

Sisi wa Eastlands tumelelewa hivyo: kitu hakitoki nyumbani kwenda mbele ya watu bila kusuguliwa. Nani angemwambia kwamba mjini kuna wanaolipia kutu?

Mama akatoa uzi kikapuni, akazitunga senti moja moja, akazivaa shingoni.

"Mzee wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiniletea zikiwa kwenye uzi hivi hivi," akasema, akikunja leso. "Na yeye alizipenda ziking'aa."